Kuendesha Kliniki ya Meno kwa Programu ya Kompyuta: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kliniki ndogo ya meno yenye viti viwili au vitatu, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Moshi, kwa kawaida huendeshwa kwa madaftari: la mapokezi, la miadi, la fedha, la madai ya bima na la wadaiwa. Juu ya hayo ipo rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambayo ni ya Serikali na haina hiari, na lipo kabati la mafaili ambalo mpangilio wake anaujua mtu mmoja tu, na siku akiugua kazi inasimama. Mgonjwa aliyekuja kuziba jino moja huandikwa jina lake mara tano au sita kabla hajatoka mlangoni, na si ajabu katika daftari moja akawa Khadija na katika jingine akawa Hadija.

Programu ya kuendeshea kliniki huja kuondoa marudio hayo. Kanuni inayoongoza hatua zote zifuatazo ni moja: kila taarifa iingizwe mara moja, palepale inapojitokeza, na mtu aliyeiona kwanza. Jina na namba ya simu ni kazi ya mapokezi, jino na ugonjwa wake ni kazi ya daktari, fedha ni kazi ya anayeipokea. Kliniki ambazo nimezisaidia kufunga programu za namna hii zilipokwama, mara nyingi kompyuta haikuwa na kosa. Daktari alikuwa ameandika matibabu kwenye vikaratasi na kumwachia mhudumu wa mapokezi aviingize jioni, naye mhudumu akawa anakisia mwandiko.

Hatua ya kwanza: mfuate mgonjwa mmoja kwa kalamu na karatasi

Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, tenga siku ya kawaida, umfuate mgonjwa mmoja tangu anapoingia hadi anapotoka. Andika kila mahali jina lake linapoandikwa na nani analiandika, kila swali analoulizwa kwa mara ya pili, na kila mara mtumishi anaponyanyuka kwenda kumuuliza mwenzake kitu. Rudia zoezi hilo kwa mgonjwa wa bima, kwa mtoto aliyeletwa na bibi yake, na kwa mtu aliyekuja bila miadi huku ameshika shavu. Karatasi hizo nne ndizo zitakazokuwezesha kukaa mbele ya muuzaji ukijua unachokitafuta, maana yeye atakuonyesha vitu mia, nawe huenda unahitaji vinane.

Kwenye karatasi hizo hizo weka alama ya nani ataingiza nini. Ukikuta taarifa moja ina wenyewe wawili, chagua mmoja sasa hivi, kwa sababu programu haitakuchagulia, na taarifa yenye wenyewe wawili huishia kutoingizwa na yeyote.

Hatua ya pili: ijaribu programu kwa kazi zako mwenyewe

Programu nyingi zinazofahamika, kama Dentrix, Eaglesoft na Open Dental, zimetengenezwa Marekani kwa ajili ya soko la huko. Hilo si kasoro, ila tabia za nchi ya asili hubaki ndani ya programu. Tarehe hutanguliza mwezi, hivyo 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi na kwetu ni tarehe 3 Aprili. Bei huandikwa kwa senti, ambazo hapa hazina kazi. Huduma huorodheshwa kwa misimbo ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ile inayoanza na herufi D, ambapo kung'oa jino la kawaida ni D7140, na misimbo hiyo mfuko wa bima wa hapa hauitambui. Hakikisha yote haya yanabadilika kwenye mipangilio, na yabadilishwe ukiwa unaona, wala usiridhike na ahadi kwamba yatafanyiwa kazi baadaye.

Uamuzi mkubwa zaidi ni mahali taarifa zitakapokaa. Programu inayokaa kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta kuu inayohifadhi taarifa zote, ndani ya kliniki hufanya kazi hata intaneti ikikatika, lakini usalama wa mashine, umeme na nakala za akiba ni mzigo wako. Programu ya mtandaoni hukuondolea mzigo huo kwa ada ya kila mwezi, lakini intaneti ikikatika saa tano asubuhi huwezi hata kujua nani anafuata. Kwa kliniki iliyo mahali ambapo mtandao husumbua, mimi huelekea kwenye seva ya ndani. Kwa kliniki isiyo na mtu wa kuiangalia seva, naelekea mtandaoni, ila na laini mbili za intaneti za kampuni tofauti, na kila asubuhi orodha ya miadi ya siku ichapishwe kwenye karatasi.

Mwisho, muulize muuzaji swali ambalo wengi wao hawalipendi: siku nikiacha kutumia programu yako, nitaondokaje na taarifa za wagonjwa wangu, katika muundo gani, pamoja na picha za eksirei, na kwa gharama gani? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Hatua ya tatu: panga namba za meno na bei kabla ya kusajili mgonjwa wa kwanza

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko unavyodhani unahitaji. Madaktari wa meno wa Afrika Mashariki hutumia namba za tarakimu mbili zinazotambuliwa na Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani, FDI: tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa na ya pili hutaja jino, kuanzia katikati kwenda nyuma. Meno ya mtu mzima huanzia 11 hadi 48, na ya utotoni 51 hadi 85. Wamarekani huhesabu mfululizo kutoka 1 hadi 32, wakianza na gego la mwisho la juu kulia. Sasa chukua jino namba 26. Kwa FDI ni gego la kwanza la juu kushoto, gego ambalo huoza sana na huja mara kwa mara kwenye kiti. Kwa hesabu ya Kimarekani namba hiyo hiyo ni jino dogo la mbele, la chini kulia. Programu ikiachwa na mpangilio wa Kimarekani, daktari akachapa 26 bila kutazama mchoro, rekodi, dai la bima na barua ya rufaa vyote vitataja jino ambalo mgonjwa hana tatizo nalo. Badilisha mpangilio huo siku ya kwanza, kisha uujaribu kwa kubofya meno manne, moja katika kila robo, ukilinganisha na kinywa cha mwenzako aliyekaa mbele yako.

Orodha ya huduma ianze fupi. Kliniki ya kawaida huanza vizuri na huduma 30 au 40, na kila moja iwe na msimbo mfupi, jina la Kiswahili litakalosomeka kwenye makadirio ya mgonjwa, muda wa kawaida, na bei. Andika «Kuziba jino, nyuso mbili», wala usiandike kifupisho ambacho daktari mmoja tu anakielewa. Bei ya fedha taslimu na bei ya kila mfuko wa bima ziwe orodha tofauti, kila moja na tarehe ya kuanza kutumika, ili bei ikipanda mwakani makadirio ya zamani yasibadilike yenyewe.

Huduma zinazochukua zaidi ya siku moja zigawanywe. Matibabu ya mzizi wa jino yakiingizwa kama huduma moja, daktari ataiwekea alama ya kukamilika siku ya kwanza ili mgonjwa aweze kulipishwa, na kuanzia hapo programu itaamini jino limekwisha ilhali limefungwa kwa dawa ya muda tu. Yagawe: kufungua na kusafisha mzizi, kujaza mzizi, kuziba juu. Vivyo hivyo kwa meno ya bandia na kofia za meno, ambako siku ya kuchukua kipimo na siku ya kufunga ni vitu viwili.

Hatua ya nne: kumsajili mgonjwa

Mhudumu wa mapokezi atafute kabla ya kusajili, na atafute kwanza kwa namba ya simu, kwa sababu majina yetu huandikwa kwa namna nyingi. Namba zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, ama tarakimu kumi zinazoanza na 0, ama 255 ikifuatwa na tarakimu tisa. Mkichanganya, mgonjwa mmoja atakuwa na mafaili mawili. Simu pekee haitoshi, kwani mama mmoja huandikisha watoto wanne kwa namba yake. Mwenye kitambulisho cha Taifa aandikwe namba ya NIDA yenye tarakimu 20, ambayo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo ni rahisi kuona papo hapo kama tarehe iliyoandikwa inapingana nayo. Majina yawe matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho au kadi ya bima, hata kama mtaani anajulikana kwa jina jingine. Hilo la mtaani liwekwe kwenye sehemu yake.

Historia ya afya huulizwa na muuguzi au daktari faraghani, si mbele ya foleni. Yanayopaswa kuonekana kila faili linapofunguliwa ni machache: kisukari, shinikizo la damu, mzio wa penisilini au wa dawa nyingine, dawa za kuzuia damu kuganda, ugonjwa wa moyo, na ujauzito. Tahadhari hizi ziwe chache ili zionekane. Faili linalofunguka na mistari kumi na mbili myekundu huzoeleka, na tahadhari iliyozoeleka haisomwi tena. Kila ziara mgonjwa aulizwe kama kuna lililobadilika, na tarehe ya kuuliza iwekwe hata kama jibu ni hapana.

Hatua ya tano: miadi, na tatizo la saa

Panga kalenda kwa safu, kila kiti safu yake, kwa vipande vya dakika 15. Muda wa kuanzia unaweza kuwa dakika 30 kwa kung'oa, 45 kwa kuziba, na 90 kwa mzizi wa gego, kisha baada ya mwezi mmoja tazama muda halisi ambao programu imeunasa, na urekebishe kwa kila daktari peke yake, kwa sababu hawalingani na hakuna ubaya wowote katika hilo. Usijaze kalenda yote. Wagonjwa wengi huja siku meno yanapouma, na kliniki isiyo na nafasi tupu asubuhi na alasiri itamsubirisha aliyefika kwa miadi ili kumhudumia anayelia kwa maumivu. Nafasi hizo ziwekewe jina la «dharura» ili mtu asizijaze kwa bahati mbaya.

Kila miadi ipitie hali zake: imewekwa, imethibitishwa, amefika, yuko kwenye kiti, ametoka. Kubofya «amefika» mgonjwa anapofika ni kazi ya sekunde moja, lakini bila hiyo hutajua kamwe watu wanasubiri muda gani.

Sasa saa. Programu nyingi hutunga ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa kwa kuchomeka saa ya kompyuta, na hapo lugha yetu na mashine haziafikiani. Kliniki moja ilituma: «Miadi yako ni kesho saa 10:00.» Mzee aliyetumiwa ujumbe huo alifika alasiri, kanzu imepigwa pasi, na fimbo mkononi.

«Shikamoo mzee. Lakini miadi yako ilikuwa asubuhi.»

«Marahaba, mwanangu. Hebu soma mwenyewe hapa. Saa kumi. Na mimi nimefika saa kumi kasorobo.»

Mzee hakuwa na kosa lolote. Suluhisho ni kuziandika saa zote za kliniki kwa maneno kwenye kiolezo cha ujumbe, «saa nne asubuhi», «saa nane mchana», na kama programu haiwezi kubadilisha yenyewe, weka vipindi vichache vya kudumu ambavyo kila kimoja kina kiolezo chake. Mpangilio wa kuongeza au kupunguza saa sita ndani ya kompyuta usijaribiwe. Utavuruga tarehe za risiti na kumbukumbu zote.

Jambo la pili kuhusu ujumbe ni dogo lakini linagharimu fedha. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160, mradi zote ni za kawaida. Ukinakili maandishi kutoka kwenye programu ya kuandikia nyaraka, king'ong'o cha «kung'oa» huja na alama ya mkato iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na alama hiyo moja hushusha kipimo cha ujumbe hadi herufi 70, hivyo ujumbe uliodhani ni mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Chapa kiolezo moja kwa moja ndani ya programu. Tena, usitaje matibabu kwenye ujumbe. Simu husomwa na watu wengi nyumbani, na inatosha kutaja kliniki, siku na saa.

Hatua ya sita: kuandika ukiwa kwenye kiti

Skrini ya daktari iwe mahali anapoweza kuifikia bila kuinuka, na kama kuna msaidizi, yeye achape huku daktari akitaja kwa sauti: «Moja-sita, limeoza upande wa kutafunia. Moja-saba, zima. Tatu-sita, halipo.» Ziara ya kwanza mchoro wote ujazwe, kwa kutenganisha mambo manne ambayo programu huyapa rangi tofauti: hali iliyokutwa, matibabu yaliyofanywa kwingine, matibabu yaliyopangwa, na yaliyokamilika hapa. Kwa wagonjwa wanaotoka Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana madini mengi ya floraidi, weka mapema kitufe cha kubadilika rangi kwa meno, la sivyo daktari ataandika sentensi ile ile mara ishirini kwa wiki.

Muda wa kuandika upo, ila haujatajwa kwenye ratiba yoyote. Baada ya sindano ya ganzi daktari husubiri dakika kadhaa hadi mdomo ufe ganzi. Hapo ndipo aandike alichokiona, dawa aliyoichoma na kiasi chake. Mgonjwa anaposukutua mwishoni, aandike alichokifanya. Hivyo rekodi inakamilika kabla kiti hakijafutwa, na daktari harudi nyumbani na deni la maandishi. Maelezo yakishatiwa sahihi yafungwe; kukiwa na kosa, liongezwe sahihisho lenye tarehe chini yake, na la mwanzo libaki lilivyo.

Picha za eksirei zina mtego wake. Programu ya picha na programu ya kliniki mara nyingi ni mbili tofauti zilizounganishwa kwa kitufe. Fungua kwanza faili la mgonjwa kwenye programu ya kliniki, kisha ubofye kitufe cha picha kutoka humo. Anayefungua programu ya picha peke yake huikuta bado iko kwa mgonjwa aliyetangulia, anapiga picha, na jino la Asha linahifadhiwa kwa Yusufu. Kosa hilo ni gumu kugundua, kwa sababu picha yenyewe haina jina usoni. Anayepiga picha asome jina lililo juu ya skrini kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Mpango wa matibabu utoke kwenye mchoro, uchapishwe na bei zake, na mgonjwa autie sahihi kabla kazi haijaanza.

Hatua ya saba: malipo na bima

Bili itokane na matibabu aliyoyaweka alama daktari, na anayepokea fedha asiwe na uwezo wa kuongeza wala kufuta huduma. Punguzo liingizwe kama mstari wake wenyewe, na jina la aliyeliruhusu, badala ya kuishusha bei ya huduma. Ukishusha bei, mwisho wa mwezi hutajua umesamehe kiasi gani. Malipo ya M-Pesa, Airtel Money au lipa namba yoyote yaandikwe pamoja na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa kliniki, si ule ulio kwenye simu ya mgonjwa, kwa kuwa ujumbe wa kwenye simu ya mtu unaweza kughushiwa. Kianzio cha meno ya bandia kiandikwe kama malipo ya mpango huo, ili salio lionekane siku ya kufunga meno. Na kama programu yako haijaunganishwa na mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, risiti inayotoka humo si mbadala wa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Zote mbili zitolewe, na kiasi kilingane.

Kwa mwenye bima, uanachama uhakikiwe na idhini ipatikane kabla hajapanda kwenye kiti, na namba ya idhini iingizwe kwenye ziara hiyo hiyo, si kwenye daftari la pembeni. Kabla ya kuwasilisha madai ya mwezi, iwe ni kwa NHIF, mfuko wa Taifa wa bima ya afya, au kwa kampuni binafsi, toa ripoti ya madai yenye mapengo: yasiyo na namba ya idhini, yasiyotaja jino, yasiyo na ugonjwa, yenye huduma isiyo kwenye orodha ya mfuko husika. Dai likirudishwa, sababu iandikwe kwa kuchagua kwenye orodha fupi. Baada ya miezi mitatu utaona sababu moja inatawala, na mara nyingi inatibika mapokezini.

Kufunga siku ni dakika kumi. Jumla ya programu kwa kila njia ya malipo ilinganishwe na fedha iliyo mezani, taarifa ya lipa namba na ripoti ya mashine ya EFD. Tofauti iandikwe hata ikiwa ni shilingi elfu moja, wala isijazwe kutoka mfukoni.

Hatua ya nane: stoo na maabara

Usijaribu kuhesabu kila pamba. Anza na vitu ambavyo vikikosekana kazi inasimama au vikipitwa na muda vinadhuru: dawa ya ganzi, vifaa vya kuzibia, sindano, glavu. Viwekewe kiwango cha chini na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa kazi inayopelekwa maabara ya meno, ingiza tarehe ya kupeleka na ya kurudi, na miadi ya kufunga isiwekwe kabla ya siku mbili baada ya tarehe hiyo ya kurudi.

Hatua ya tisa: usalama wa taarifa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inaweka pia masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo linalokuhusu ukichagua programu ya mtandaoni ambayo seva zake ziko ughaibuni. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lisome hilo kabla ya kutia sahihi mkataba.

Kila mtumishi awe na jina lake la kuingilia na nywila yake. Nywila moja ya «mapokezi» inayotumiwa na watu watatu hufanya kumbukumbu ya nani alifanya nini isiwe na maana yoyote. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo, lakini jina lake lisifutwe, kwa sababu rekodi alizoandika zinabaki kuwa zake.

Seva iwe na UPS, kifaa cha akiba ya umeme, inayotosha kuizima kwa utaratibu umeme ukikatika, maana kuzimika ghafla katikati ya kuhifadhi kunaweza kuharibu hifadhidata. Kompresa na mashine ya kutakasia vifaa visichomekwe humo hata kwa dakika moja. Nakala za akiba ziwe mbili mbali na ile inayotumika, na moja ilale nje ya jengo. Nimewahi kuitwa kwenye kliniki iliyovunjwa usiku. Wezi walichukua kompyuta, na diski ya nakala ilikuwa imechomekwa ubavuni mwake, wakaenda nayo. Mara moja kwa mwezi irudishe nakala kwenye kompyuta nyingine, chagua wagonjwa watatu, na uangalie kama ziara ya juzi na picha zake zipo.

Hatua ya kumi: kuhama kutoka kwenye mafaili

Usiajiri vijana wa kuingiza mafaili elfu nne ya zamani. Ingiza faili la mgonjwa siku anapokuja: tahadhari za afya, mchoro mpya, deni lake, na matibabu ambayo hayajaisha. Faili la karatasi liwekewe alama na lirudi kabatini kwa namba yake, ambayo pia inaandikwa kwenye programu. Wadaiwa tu ndio waingizwe wote mwanzoni. Daftari na programu viende pamoja kwa wiki mbili, kwa tarehe ya mwisho iliyobandikwa ukutani, kwani bila tarehe hiyo kliniki huendelea na vyote viwili miaka mitatu. Rejista ya MTUHA haimo katika hesabu hii. Hiyo inaendelea kama mamlaka zinavyoelekeza, ingawa ripoti ya programu itakurahisishia kuijaza.

Baada ya mwezi wa kwanza, ripoti yenye faida kuliko zote si ile ya mapato. Ni orodha ya matibabu yaliyoanzwa na hayakumalizika: mizizi iliyosafishwa haikujazwa, meno yaliyopimwa kofia hayakufungwa. Itolewe kila Jumatatu asubuhi. Mhudumu wa mapokezi apige simu kabla ya saa sita mchana, aandike kwenye faili la kila mmoja alichojibiwa, iwe ni kukosa nauli, hofu ya sindano au kwamba maumivu yameisha akadhani amepona, na wale wa jibu hilo la mwisho daktari awapigie mwenyewe.